Jioni Niliyofungua Kopo Jipya la CD

Alhamisi hiyo, saa mbili usiku, nilifanya mambo mawili ndani ya robo saa, kisha nikatumia siku mbili kuyatenganisha. La kwanza ni kwamba programu ninayotumia kutunzia na kuchomea nyimbo za kwaya ilitoa tangazo la toleo jipya, nami, kwa kuwa bando langu la wiki lilikuwa limebakiza saa chache na sikupenda liishe bila kazi, nikabofya kukubali. La pili ni kwamba, wakati toleo hilo linapakuliwa, nilichana nailoni ya kopo jipya la CD tupu 50 nililolinunua mchana wa siku hiyo Mwanjelwa, hapa Mbeya mjini, maana kopo la zamani lilikuwa limekwisha. Mbele yangu ilikuwapo kazi ya kuchoma CD 40 za tamasha la kwaya tatu za usharika wetu, zigawiwe Jumapili baada ya ibada ya pili. Sikuona uhusiano wowote kati ya mambo hayo mawili, na kweli hayakuwa nao. Tatizo ni kwamba yalitokea jioni moja, na kila kilichoharibika baadaye nilikibebesha lile la kwanza.

Najua wapo watakaouliza ni nani anayechoma CD katika zama hizi za simu. Mwenye swali hilo aje huku Uyole, asimame saa moja asubuhi pale njia panda ya kwenda Tukuyu, atazame magari yanayopita. Mengi ya magari madogo yametoka Japani yakiwa yametumika, na redio zake zilitengenezwa kwa masafa ya FM ya huko, ambayo kwa miaka mingi yalianzia megahezi 76 na kukomea 90. Stesheni zetu zimetawanyika hadi 108, kwa hiyo mwenye gari ambaye hajafungiwa kibadilisha masafa hubaki na stesheni moja au mbili za kukwaruzakwaruza, na tundu la CD lililo chini ya kioo chenye maandishi ya Kijapani. Tundu hilo ndilo redio yake. Ukiongeza wazee wa vijijini Rungwe wenye deki na redio za CD walizoletewa na watoto wao, ambao hawana mpango wa kujifunza kutafuta wimbo kwenye simu, utaelewa kwa nini mwenyekiti wa kwaya alipotangaza CD 40 watu waliinua mikono zaidi ya idadi hiyo.

Toleo jipya lilipomaliza kujisimika, kompyuta ikaomba izimwe na kuwashwa upya. Ilipowaka nikaweka CD ya kwanza, nikabofya sehemu ya kuchoma, na programu ikaniambia kwamba haioni kifaa chochote cha kuchomea. Nilifungua orodha ya diski za kompyuta nikakuta C peke yake, na ile D ambayo imekuwa pale tangu ninunue mashine hii haikuwapo. Kompyuta yangu ni mzee wa miaka tisa, na jambo la kwanza nililofikiri ni kwamba draivu ya CD imekufa usiku huo huo ninaouhitaji.

Kilichonizuia nisiende kuazima nyingine kwa jirani ni kitu kidogo: nilipobonyeza kitufe, trei ilitoka, na nilipoirudisha, taa ya kijani iliwaka, CD ikasikika ikizunguka mara mbili tatu kabla ya kutulia. Draivu iliyokufa haifanyi hivyo. Umeme unafika, mota inazunguka, lenzi inajaribu kusoma. Anayeshindwa kuiona ni Windows. Nikaingia kwenye sehemu inayoorodhesha vifaa vyote vya kompyuta, na hapo nikaikuta draivu yangu ikiwa na pembetatu ya njano yenye alama ya mshangao, na maelezo yake yakitaja kosa namba 39, yaani programu ya kukiendesha kifaa imeharibika au haipo.

Hapa inafaa nieleze, kwa sababu ni jambo ambalo limewatupisha watu draivu nzima. Baadhi ya programu za muziki zenye uwezo wa kuchoma CD haziongei na draivu moja kwa moja. Hupachika katikati kipande kidogo cha programu kinachoitwa kichujio, na kila amri ya kusoma au kuandika hupitia kwake, mithili ya karani aliyeketi mlangoni mwa ofisi ya mkubwa. Jina la karani huyo huandikwa kwenye rejista ya Windows, yaani daftari lake la mipangilio, na kila kompyuta inapowaka, Windows husoma majina yaliyoandikwa na kumwita kila mmoja kabla ya kufungua mlango. Jina likiwapo na mwenye jina hayupo, mlango haufunguliwi, na draivu nzima huhesabiwa kuwa mbovu. Toleo jipya lilikuwa limemwondoa karani wa zamani bila kulifuta jina lake. Na nilipochungulia zaidi nikakuta pia jina la karani mwingine, wa programu ya kuchomea niliyokwisha kuiondoa miaka miwili iliyopita.

Dawa yake inajulikana, lakini ni ya kunywa kwa uangalifu. Nilifungua regedit, programu ya kuhariri rejista hiyo, nikapita HKEY_LOCAL_MACHINE, SYSTEM, CurrentControlSet, Control na Class, hadi kwenye folda yenye jina refu linaloanza na 4D36E965, ambalo ndilo kundi la draivu za CD na DVD. Ndani yake mlikuwa na thamani mbili ziitwazo UpperFilters na LowerFilters. Kabla ya kugusa chochote nilihifadhi nakala ya folda hiyo kwenye flashi, na baada ya hapo nikasoma namba ya folda kwa sauti, herufi kwa herufi, kama mtu anayesoma namba ya kumtumia mtu pesa. Sababu ya woga huo ni kwamba folda jirani, inayoanza na 4D36E967, ni ya diski kuu yenyewe, na 4D36E96B ni ya kibodi. Ukifuta vichujio kwenye folda hizo, CD itakuwa tatizo lako dogo kuliko yote.

Nikazifuta zile thamani mbili, nikazima na kuwasha, na D ikarudi mahali pake. Furaha ilidumu kwa muda wa kuifungua programu tu, kwa maana sasa yenyewe ilinilalamikia kwamba vipande vyake vya kuchomea CD havipo. Ilikuwa na haki: nilikuwa nimewafukuza makarani wote, hata yule aliyeajiriwa jioni hiyo. Nikaendesha tena faili la usimikaji, safari hii nikachagua kurekebisha badala ya kusimika upya, nikawasha kompyuta kwa mara ya nne usiku huo, na saa tano na nusu programu na draivu zikawa zinaonana. Kosa hili moja, kwa ushahidi huo, lilikuwa la sasisho.

Ijumaa alfajiri nilichoma CD ya kwanza. Ilimalizika baada ya dakika mbili hivi, na mtu aliyezoea kazi hii angeshtuka hapo hapo, lakini mimi nilikuwa sijalala vizuri. Niliijaribu kwenye deki ya sebuleni ikaimba, nikaichukua kwa mzee jirani yangu, mwenye pikapu ya kubebea viazi, ambaye redio yake ndiyo kipimo changu cha mwisho kwa kuwa ni kongwe kuliko zote ninazozifahamu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, katibu. Umeniletea zile za tamasha?"

"Nimeleta ya majaribio. Naomba tuisikilize kwenye gari."

Redio iliimeza CD, ikaguna kama nusu dakika, ikaandika neno la kosa, ikaitema. Mzee akaipangusa kwa kiganja, akairudisha, ikatemwa tena. Akanitazama kwa huruma akasema labda redio yake nayo imechoka kama mwenyewe. Redio haikuwa na kosa. Toleo jipya lilikuwa limerudisha mipangilio yote kama programu ilivyotoka kiwandani, na mmojawapo ni aina ya CD: badala ya CD ya sauti, nilikuwa nimechoma CD ya mafaili ya MP3. Deki ya sebuleni inaelewa zote mbili. Redio ya mzee inaelewa CD ya sauti peke yake, ile iliyotengenezwa kwa kanuni ambazo Philips na Sony waliziweka mwaka 1980, na mbele ya faili la MP3 ni sawa na mtu aliyepewa barua ya lugha asiyoijua. Zile dakika mbili zingeniambia yote hayo. Kuchoma mafaili ya megabaiti 115 ni kazi ya kufumba na kufumbua, ilhali CD ya sauti iliyojaa, hata kwa mwendo wa juu wa draivu yangu, huchukua zaidi ya hapo mara mbili au tatu.

Nikarudi nyumbani, nikabadilisha mpangilio kuwa CD ya sauti, nikabofya kuchoma, na programu ikakataa tena kwa namna nyingine: nyimbo zako haziingii kwenye CD moja, je, zigawanywe katika mbili? Nyimbo ni zilezile 18, orodha ni ileile niliyoichoma mwezi Mei kwa ajili ya wachungaji, na zilikuwa zimeingia. Katikati ya mshangao huo mwenyekiti akapiga simu kuuliza maendeleo. Nilipomweleza, akasema kitu ambacho watu wengi hukisema, nacho si cha kipumbavu hata kidogo: "Katibu, umeniambia nyimbo zote ni megabaiti 115. Kopo limeandikwa megabaiti 700. Zinajaaje?"

Zinajaa kwa sababu CD ya sauti haihesabu megabaiti za MP3, inahesabu dakika. MP3 ni muziki uliokunjwa. Wakati wa kuchoma CD ya sauti programu huukunjua wote ukarudi katika ukubwa wake wa asili, vipimo 44,100 kila sekunde, kila kipimo biti 16, kwa spika ya kushoto na ya kulia, jumla baiti 176,400 kwa sekunde. Hiyo ni zaidi kidogo ya megabaiti 10 kwa kila dakika ya uimbaji, iwe faili lake la MP3 lilikuwa dogo au kubwa. CD iliyoandikwa dakika 80 inapokea takriban dakika 79 na sekunde 57, basi. Nyimbo zetu 18 zilikuwa na dakika 79 na sekunde 31, na najua hivyo kwa sababu mwezi Mei nilikaa jioni nzima nikipunguza makofi na vikohozi vya wasikilizaji ili zitoshe.

Sekunde 26 za ziada zilikuwapo, basi nani amezila? Jibu lilikuwa kwenye mpangilio mwingine uliorudishwa kiwandani: kimya cha sekunde mbili kati ya wimbo na wimbo. Mimi huwa nakiweka sifuri, kwa kuwa tamasha hurekodiwa kwa mfululizo na kimya cha ghafla katikati ya shangwe huudhi sikio. Nyimbo 18 zina nafasi 17 kati yake. Mara mbili ni sekunde 34. Jumla ikawa dakika 80 na sekunde tano. Tulikuwa tumezidi kwa sekunde nane. Nilirudisha sifuri, programu ikakubali, na nikawa nimeandika kwenye daftari langu kosa la pili na la tatu la sasisho, kwa kalamu nyekundu.

Sasa fikiria hali ya mtu mwenye ushahidi wa makosa matatu ya mshitakiwa mmoja. Kosa la nne linapotokea hahitaji kuuliza ni nani. CD ya pili ilianza vizuri, ikafika wimbo wa 14, ikasimama, na programu ikasema kuna kosa la kuandika. Ya tatu, wimbo wa 14. Niliangalia mwendo wa kuchomea nikakuta nao umerudishwa kwenye ule wa juu kabisa, mara 24 ya kasi ya kusikilizia, wakati mimi hutumia mara nane. Nikasema, ndiyo hii. Nikaushusha, nikaweka ya nne, nikasubiri. Wimbo wa 14. Ya tano hali kadhalika.

Kuhusu mwendo, niseme kidogo, kwa sababu huku kwetu kuna imani kwamba kadiri unavyochoma polepole ndivyo CD inavyokuwa bora. Imani hiyo ilikuwa na msingi zamani, ila CD tupu zinazouzwa siku hizi zina rangi iliyotengenezwa kwa ajili ya mwendo mkubwa, na ukizichoma kwa mara moja au mara mbili, kama draivu yako itakubali, leza hukaa mno mahali pamoja na matokeo yanaweza kuwa mabaya zaidi. Mimi mara nane au kumi nimeiona inafaa kwa redio kongwe za magari, basi nimekaa hapo.

Mchana wa Ijumaa niliutumia vibaya. Nilikuwa natafuta namna ya kurudisha toleo la zamani la programu, na nilikuwa nimekwisha kuandika ujumbe mrefu wa kulalamika, wenye maneno ambayo katibu wa kwaya hapaswi kuyatumia, nilipoichukua moja ya zile CD zilizoharibika na kuigeuza dirishani kwenye mwanga. Mtu aliyewahi kuchoma CD anajua kwamba sehemu iliyochomwa huonekana kwa macho. Leza huanzia ndani, karibu na tundu la katikati, ikaenda ikizunguka kuelekea nje, na kila ilipopita rangi hukolea kidogo. CD ile ilikuwa na eneo pana lililokolea, halafu mstari mkali kama uliochorwa kwa bikari, na nje yake pete nyembamba isiyoguswa, upana wake milimita nne au tano. Nikachukua ya pili, ya tatu na ya nne, nikazipanga mezani. Pete zilifanana. Nilizipanga moja juu ya nyingine, kingo kwa kingo, na mistari yake ilikuwa mahali pamoja.

Nilikaa nikiitazama mistari ile kwa muda, kwa sababu ilikuwa na maana mbili na sikujua ni ipi. Huenda kila CD ilikwama kwenye wimbo wa 14 kwa kuwa faili la wimbo huo ni bovu, au toleo jipya limeshindwa kulikunjua. Lakini pia huenda ilikwama umbali ule kutoka katikati kwa sababu CD yenyewe ndipo inapoanza kuwa mbovu. Wimbo wa 14 ulikuwa unaanza karibu na dakika ya 66. Kwa kuwa nyimbo hupangwa kutoka ndani kwenda nje, na mzunguko wa nje ni mrefu kuliko wa ndani, ile pete nyembamba ya pembeni ndiyo inayobeba dakika 14 za mwisho. Katika mpangilio ule, wimbo na mahali vilikuwa kitu kimoja. Ilibidi nivitenganishe.

Njia yake ni rahisi kiasi kwamba niliona aibu kutoifikiria mapema. Niliuchukua wimbo wa 14 nikaupandisha uwe wa tatu, nikaacha mengine yote kama yalivyo, toleo lilelile, mwendo uleule, nikaweka CD ya sita. Kama faili lina kosa, kazi ingekwama kwenye wimbo wa tatu. Wimbo wa tatu ukapita. Wa nne, wa tano, wa kumi. Ilipokaribia dakika ya 66 nilikuwa nimeinama juu ya mashine kama mtu anayesikiliza chungu cha maharage, na hapo hapo, katikati ya wimbo ambao kabla ya hapo ulikuwa hauna tatizo lolote, ikakwama. Ya saba niliichoma kwa programu ya muziki iliyokuja na Windows yenyewe, ambayo haikuguswa na sasisho lile. Ilikwama palepale.

Mke wangu ndiye aliyenikumbusha kwamba ile bahasha ya nakala za wachungaji ilikuwa na CD moja tupu iliyobaki. Ilikuwa ya kopo la zamani. Niliiweka kwenye draivu nikiwa na programu mpya, mipangilio yangu, mwendo wa mara nane, na nyimbo 18 zikaingia hadi sekunde ya mwisho, kimya kimya, kana kwamba hapakuwa na ugomvi wowote nyumbani humo.

Kwa hiyo mwenye kosa la nne alikuwa kopo. CD tupu ina tabaka jembamba la rangi ya kemikali, ambalo kiwandani humiminwa wakati CD inazunguka ili litawanyike kutoka katikati kwenda nje. Leza ya draivu hulichoma kwa kuacha alama ndogondogo ambazo redio husoma baadaye. CD isiyotengenezwa kwa uangalifu mara nyingi huanza kusaliti pembezoni. Mtu anayechoma mahubiri ya dakika 40 anaweza kulimaliza kopo kama hilo zima bila kujua ana mzigo mbovu, kwa sababu hafiki huko pembeni. Mimi nilifika, kwa kuwa nilikuwa nimeibana CD hadi sekunde zake za mwisho. Simlaumu sana aliyeniuzia, maana naye hununua kopo likiwa limefungwa kama nilivyolinunua mimi, na bei ilikuwa nzuri kiasi cha kunitosha kushuku mwenyewe.

Ule ujumbe wa malalamiko niliufuta, ingawa nakiri kwamba niliacha nusu yake ya mwanzo kwa muda, ile ya vichujio na mipangilio, nikifikiria kuutuma. Programu inayojisasisha na kurudisha chaguo za mtu kiwandani bila kumwambia ina kosa la adabu, hata kama haikuharibu CD hata moja. Laiti ingeniandikia sentensi moja tu kwamba aina ya CD, kimya kati ya nyimbo na mwendo vimebadilishwa, nisingempeleka mzee kwenye pikapu yake saa kumi na mbili asubuhi kwenye baridi ile ya Juni.

Jumamosi nilinunua CD nyingine kwenye duka la vifaa vya ofisi, kwanza mbili za majaribio, nikachoma zote mbili hadi mwisho, ndipo nikarudi kuchukua zilizobaki. Kwa mwendo wa mara nane, CD moja ya sauti iliyojaa huchukua dakika kumi, ukiongeza kufunga na kubadilisha inakuwa dakika 12, na 40 za namna hiyo ni saa nane. Niliizuia kompyuta isilale yenyewe, nikafunga kila programu nyingine, nikazima intaneti. Baridi nayo ilinipa kazi, kwa kuwa CD zilizotoka kwenye baridi ya nje ukiziingiza ghafla kwenye chumba chenye jiko la mkaa huota umande usioonekana vizuri kwa macho, hivyo niliziacha mezani saa nzima kabla ya kuanza. Kila moja ilipotoka sikuisikiliza yote. Nilisikiliza wimbo wa mwisho tu, kwa maana nilikwisha kujifunza kwamba CD ikitaka kunidanganya itanidanganyia huko pembeni.

Ya kwanza kutoka nilimpelekea mzee kabla sijaendelea na ya pili. Redio iliguna, ikasita, halafu sauti ya nne ikaingia na kuujaza mchanga wote wa kwenye dashibodi kwa mtetemo. Mzee alipunguza sauti kidogo, akasikiliza hadi kibwagizo, akasema "ndaga fijo", yaani asante sana kwa Kinyakyusa, kisha akaniuliza kama naweza kumpa mbili, moja ya gari na moja ya dada yake aliyeko Kyela.

Lile kopo la Mwanjelwa bado ninalo; lilibaki na CD 43, nazo nazichomea mazoezi ya sauti moja moja, ambayo hayazidi nusu saa na hayafiki kule kwenye pete. Kopo jingine nililoliongeza wiki iliyopita lipo juu ya kabati, nailoni yake haijachanwa. Jana usiku nilipowasha kompyuta, programu ikatoa tangazo la toleo jipya tena, na bando lilikuwa na saa tatu tu. Nikabofya "baadaye", nikapanda kiti, nikalishusha kopo.